Pindo la Dakika Hamsini

Sehemu ya Saba

Fundi alivuta gauni. Mzee wa suti ya kijivu akainuka nalo.

Akavuta tena, taratibu, akidhani limenasa kwenye mkanda wa kiti. Mzee akainuka tena, kitako kimoja hewani, gazeti alilojifunika kulalia likamporomoka usoni.

"Wewe bwana," mzee akasema, macho bado yana usingizi, "unanivuta uniweke wapi?"

Hapo ndipo tulipowaacha, msomaji. Na kama gazeti la juma lililopita ulilifungia sabuni, shika haya kwa ufupi.

Fundi ni fundi cherehani wa miaka hamsini na nane, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Anampelekea mpwa wake gauni la harusi. Ndoa ni saa tano asubuhi hii, ofisi ya msajili, mji wa pili, ng'ambo ya milima. Gauni lilikwisha tangu Jumatano. Leo alfajiri Bibi Harusi akapiga simu: viatu amebadilisha, vya sasa ni vya chini, gauni litaburura vidole vinne. Fundi akafumua pindo lote, akakata, akapiga bandi ili kitambaa kisimame kwa muda, na saa ya kwenda uwanjani ikawa imefika.

Karani wa tiketi akamwambia, "Kilomita mia tatu na themanini, baba. Dakika hamsini uko chini."

Fundi akapiga hesabu palepale kaunta. Pindo lina mzunguko wa mita nne na nusu. Gawanya kwa hamsini: sentimita tisa kila dakika. Mkono wake wa kushoto hushona sentimita tisa huku mwenyewe anapiga soga. Akalipa, akapanda.

Kwenye ukaguzi walimwachia sindano, wakamchukulia mkasi. Kipande cha kwanza cha pindo akakishona palepale ukumbini, akingoja kuitwa ndegeni.

Na mambo yalikwenda vizuri mpaka dakika ya ishirini na sita, ndege ilipotumbukia kwenye shimo la hewa. Fundi akafumba macho akamwita Mungu. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka arobaini, ukaendelea kushona.

"Samahani, mzee," Fundi akanong'ona. "Nadhani nimekushona."

"Umenishona nini?"

"Suruali."

Mzee akatazama paja lake. Satini nyeupe ilikuwa imelala juu ya kitambaa cha kijivu, na viwili hivyo vimeungana kwa mshono mdogo, uliopangika, wa kiasi cha kiganja kizima.

"Mshono mzuri," mzee akakiri, kabla hasira haijamfikia. Kisha ikamfikia. "Kata!"

"Nikate na nini? Mkasi wangu umebaki kwa askari wa ukaguzi."

"Basi fumua!"

"Uzi nimeupaka nta, na ni wa mara mbili. Tungekuwa tumekaa barazani ningeutoa kwa ncha ya sindano, tundu moja moja. Hapa ndege ikitikisika mara moja tu, satini itachanika mpaka kiunoni."

Mama mmoja wa kiti cha nyuma akachungulia kati ya viti viwili. Alikuwa amefuatilia tangu mwanzo na hakutaka kupitwa.

"Si avue tu hiyo suruali?"

"Nani avue?" Mzee akageuka kwa kadiri mshono ulivyomruhusu. "Mama, mimi ni mpima ardhi wa serikali, mstaafu. Nimepima nusu ya nchi hii nikiwa nimevaa suruali."

"Nilikuwa nasaidia tu."

Ilibaki njia moja. Fundi akafungua mkanda, akapiga magoti penye nafasi ya miguu, akainamisha kichwa kwenye paja la Mpima, akaanza kutafuna uzi kwa meno ya pembeni.

Ni wakati huohuo mhudumu wa ndege alipofika na kigari cha maji.

Mhudumu akasimama. Akatazama. Alikuwa ameifanya kazi hii miaka saba, na hakuna somo lililofanana na hili.

"Baba, unafanya nini hapo chini?"

"Natafuna uzi."

"Anamla mwenzake suruali," mama wa nyuma akafafanua.

"Rudi kitini, tafadhali. Taa ya mkanda inawaka."

"Binti yangu, nisaidie mkasi. Dakika moja tu."

"Mkasi uko kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na sanduku hilo hatulifungui mpaka mtu aumie. Kuna aliyeumia?"

"Suruali," Mpima akasema kwa uchungu.

"Suruali si abiria, mzee." Akasukuma kigari chake akaendelea.

Fundi akarudi kitini, akatazama saa. Dakika ya thelathini na moja. Pindo lililobaki ni mita moja. Akafanya uamuzi wa kiutu uzima: suruali itasubiri, pindo halisubiri. Akashika sindano.

"Yaani unaendelea kushona?" Mpima akauliza.

"Harusi ni saa tano, mzee."

"Hata mimi saa tano kamili lazima niwe ofisi ya msajili wa ndoa, kwa hiyo tukitua tu utatafuta mkasi mbio."

Fundi akatabasamu. Kumbe ni mwenzake! "Na wewe una harusi? Hongera sana, mzee."

"Hongera ya nini? Nakwenda kuivunja."

Sindano ikasimama hewani.

"Kuivunja kivipi?"

"Kwa mdomo. Msajili akiuliza nani ana pingamizi, nitasimama. Bwana harusi ni mwanangu wa kwanza. Miezi minne hajakanyaga nyumbani. Juzi naambiwa na watu baki, barabarani, kwamba anaoa. Na anaoa wapi? Nimeulizia. Msichana amelelewa na mjomba wake, na huyo mjomba ni fundi cherehani! Mimi nilishaapa. Fundi cherehani haingii kwenye ukoo wangu, labda nife."

Fundi akalikumbatia gauni. Mpwa wake alimwambia bwana harusi hana baba, na yeye hakuuliza zaidi.

"Lakini mzee, hata mimi ni fundi."

"Nakuona. Na hilo gauni ni la nani?"

"La mteja," Fundi akajibu haraka mno. "Jumamosi ofisi ile inafungisha ndoa hata kumi. Mafundi walikukosea nini?"

Mpima akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

"Miaka ishirini na nane iliyopita, siku ya ndoa yangu mimi mwenyewe, nimevaa koti jipya la bluu. Msajili akaniambia inua mkono wa kuume. Nikainua. Nikasikia kitu begani, prrr! Nikashusha. Mkono wa koti ukateremka peke yake mpaka sakafuni."

"Mungu wangu," akasema mama wa nyuma.

"Msajili akauokota, akaukunja, akanikabidhi mbele ya wakwe zangu. Yule fundi alikuwa ameupiga bandi tu! Hakuushona! Kazini waliniita Mkono Mmoja mpaka nastaafu. Kwenye hotuba ya kuniaga mkurugenzi alisema tunamshukuru Mkono Mmoja. Sura ya huyo fundi nimeisahau. Lakini kuna kitu sijasahau. Alikuwa akishona kwa mkono wa kushoto."

Fundi akaliona lile koti. La bluu, vifungo vyeusi, bitana ya kijivu. Akaliona lote, begani limepigwa bandi nyeupe, limening'inia kwenye ndoano dukani kwake.

Polepole, akitazama dirishani kama mtu anayefurahia mawingu, akahamisha sindano kwenda mkono wa kulia.

Msomaji, Fundi hajawahi kushona kwa mkono wa kulia hata kifungo. Mshono wa kwanza ukaenda kaskazini, wa pili ukarudi nyumbani. Kutoka sentimita tisa kwa dakika akashuka mpaka mbili.

"Mbona sasa unashona kama umepigwa ganzi?" Mpima akauliza.

"Ni hewa ya huku juu."

Spika ikakoroma. Sauti ya rubani ikajaa ndani, nzito na yenye furaha. "Mabibi na mabwana, upepo uko nyuma yetu na unatusukuma vizuri. Tutatua dakika saba kabla ya muda uliopangwa. Asanteni."

Abiria wakapiga makofi. Mpima akapiga makofi. Fundi peke yake alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa kidole.

"Na hata hivyo wanawadanganya," Mpima akaongeza kwa kujiamini. "Si kilomita mia tatu na themanini. Ni mia tatu sabini na moja. Nilizipima mwenyewe."

Dakika saba zimeondoka na kilomita tisa zimeondoka! Fundi akaona pindo la mpwa wake linaning'inia mbele ya watu, bandi nje nje, kama lile koti. Akaongeza kasi, kwa mkono uleule wa kulia, na sindano ikamwingia kidole cha shahada cha kushoto mpaka akaona nyota mchana.

Tone la damu likajikusanya kwenye ncha ya kidole. Jekundu, zito, juu kabisa ya satini nyeupe.

Likadondoka.

Kiganja kikapita kama radi, kikalidaka.

Kilikuwa kiganja cha Mpima. Mwenyewe alikitazama kiganja chake kwa mshangao, kama kimemsaliti.

"Damu!" mama wa nyuma akapiga kelele kwa furaha isiyofichika. "Mtu ameumia! Leteni sanduku!"

Mhudumu akaja mbio, akafungua sanduku, akamfunga Fundi kidole, akatoa mkasi mdogo akakata plasta. "Haya, baba, huu hapa. Kata haraka, unirudishie. Tunakaribia kushuka."

Fundi akaunyakua mkasi. Vidole vikaingia kwenye matundu yake bila kufikiri, kama mguu unavyoingia kwenye kandambili yake.

Vidole vya mkono wa kushoto.

Mpima akautazama ule mkono. Akaitazama subana, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano, ambayo muda wote ilikuwa imevikwa kidole cha kati cha mkono huohuo. Akampandisha Fundi macho mpaka usoni.

"Wewe," akasema.

"Mzee, nisikilize."

"Wewe! Koti la bluu!"

"Vifungo vyeusi," Fundi akajibu kwa sauti ndogo.

Mpima akampokonya mkasi. Abiria wa mbele wakageuka. "Na hili gauni si la mteja! Hili ni la yule msichana! Wewe ndiye mjomba mtu!"

Fundi hakuwa na pa kukimbilia. Hata angekuwa napo, angelazimika kwenda naye.

"Ndiye mimi."

Mpima akaingiza ncha ya mkasi kwenye satini, pale mshono ulipoishia. "Nikikata upande wa suruali, nakuwa huru. Nikikata upande huu mwingine, kutoka hapa mpaka kiunoni, sina hata haja ya kufika kwa msajili."

Hata mama wa nyuma hakuwa na ushauri.

"Kata," Fundi akasema. "Una haki. Lakini kwanza jua nilikuwa wapi siku ile. Koti lako nilikuwa nimelipiga bandi, ndiyo nalishusha kwenye ndoano nikalishone, nikaitwa. Dada yangu ameshikwa na uchungu, yuko peke yake, mume alishamkimbia. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Nyuma yangu mwenzangu wa dukani akaona mtu wako amekuja kuchukua, akampa. Hakujua. Niliporudi nikakuta ndoano tupu. Nilikutafuta wiki nzima nikuombe radhi, nikaambiwa umehamishwa kikazi."

Ncha ya mkasi ikabaki palepale kwenye satini.

"Dada alijifungua mtoto wa kike. Miaka sita baadaye akatutoka, mtoto nikabaki naye. Nimemshonea sare za shule zote, mzee, nimemshonea mpaka begi. Ndiye anayeolewa leo."

Mpima akahesabu miaka kwa kunong'ona, kama anavyohesabu mtu aliyezoea vipimo.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "huyo msichana ndiye aliyenivua mkono wa koti?"

"Kabla hajafungua macho."

Kitu kikatikisika chini ya masharubu ya Mpima. Kama ni kicheko au ni tusi, Fundi hakuweza kujua.

Hakupata nafasi ya kujua. Mkono wa mhudumu ukapenya katikati yao, ukachukua mkasi. "Tunashuka. Vyenye ncha vyote nipeni. Mikanda!"

"Binti, bado hatujakata!"

"Mlikuwa na dakika tatu, mmesimuliana hadithi." Akaondoka zake. Sindano Fundi aliiwahi, akaibana kati ya midomo.

Ndege ikainamisha pua. Masikio yakaziba. Chini, kwa mbali, paa za mji zikaanza kung'aa.

"Imebaki kiasi gani?" Mpima akauliza ghafla.

"Ya nini?"

"Ya pindo, bwana!"

"Sentimita tisini."

"Na sisi tumebakiza dakika sita. Kumi na tano kwa dakika. Shona."

Fundi akamtazama, sindano ingali mdomoni.

"Usinitazame hivyo. Pingamizi langu liko palepale. Lakini sitaki huyo mtoto aje aseme alisimama mbele za watu na gauni bovu kwa ajili yangu. Najua inavyouma. Shona kwa huo mkono wako wa kushoto wa balaa. Mimi nashika kitambaa."

Akakivuta kitambaa kikanyooka kama kamba ya kupimia kiwanja, kidole gumba kimebana hapa, kidole gumba kimebana kule, na akaanza kuhesabu. "Themanini. Sogea. Sabini na tano. Umeruka, rudi. Sabini."

Fundi alishona kama mtu anayekimbiza moto. Mama wa nyuma alishikilia mkia wa gauni usiguse sakafu. Kwenye arobaini ndege ikatikisika, na mara hii Fundi hakufumba macho. Kwenye ishirini waliona magari. Kwenye kumi waliona watu. Magurudumu yakagonga ardhi, ndege ikaruka kidogo, ikagonga tena, na Fundi akapiga fundo la mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Sifuri," akasema Mpima. Akajipangusa jasho, kisha akakumbuka kukunja uso.

Walishuka wa mwisho, mkasi ukiwa umeshafungiwa sandukuni. Ngazi za ndege zilikuwa nyembamba, na gauni lilitaka wabaki bega kwa bega.

"Mguu wa kulia," akaamuru Mpima.

"Wako au wangu?"

"Wetu!"

Wakavuka uwanja hivyo, hatua moja moja, gauni limelala mikononi mwao kama mgonjwa. Saa ilikuwa nne na dakika ishirini na mbili walipoingia ukumbi wa kupokelea wageni, na Bibi Harusi alikuwa hapo, nywele zimeshasukwa, viatu vya chini miguuni, kanga amejifunga juu ya sketi, tayari kuvaa gauni hata chooni.

"Mjomba!" Akamrukia shingoni. Akashika pindo, akaligeuza, akaona mishono, macho yakamlowa. "Mjomba wangu jamani. Ulilimalizia wapi?"

"Huko juu."

Ndipo akaona kwamba upande wa pili wa gauni umeishia kwenye paja la mwanamume.

"Shikamoo, mzee," akasema kwa adabu. Kisha akamnong'oneza Fundi. "Mjomba, huyu naye ni nani?"

"Marahaba," akajibu Mpima, na sauti yake haikuwa na ukali aliopanda nao ndege.

Fundi akajikaza. Lililokuwa lije, lije sasa. "Huyu nimemshona kwa bahati mbaya. Lakini ni mtu wako. Ni mkweo. Baba mzazi wa mume wako."

Bibi Harusi akarudi nyuma hatua moja. Tabasamu likamtoka usoni kama taa iliyozimwa.

"Mjomba, leo si siku ya utani wa namna hiyo. Baba yake alishafariki."

Mpima akageuza kichwa polepole.

"Nilikufa lini?"

"Mzee, mimi sikujui. Lakini baba wa mchumba wangu alifariki mwezi wa nne. Mama yake mwenyewe amenisimulia mazishi. Nililia naye mpaka macho yakavimba."

"Mama yake yupi?"

"Mama mkwe. Yuko nyumbani kwetu, leo siku ya nne. Nimemwacha sebuleni na mkufu wa marehemu mama yangu. Kaniambia atautunza yeye mpaka ndoa ifungwe."

Mpima akamshika Fundi mkono, ule wa kushoto, akaubana kwa nguvu.

"Mke wangu," akasema, "nimeagana naye leo saa mbili asubuhi, kwenye mlango wa nyumba yangu. Na ndege ya kwanza kutoka kule ndiyo hii tuliyoshuka."

Mkoba wa Bibi Harusi ukaanza kulia. Akatoa simu, akawaonyesha kioo. Kilikuwa kimeandika: Mama Mkwe.

Mpima akanyoosha kiganja.

"Nipe mimi, mwanangu," akasema. "Niongee na mjane wangu."